Mwaka Tulipochemsha Magunzi

Mke wangu alirudi kutoka kilio cha Kasereka, mwenzetu wa ujanani, akiwa hana sauti. Ilikuwa asubuhi, mimi nilikuwa barazani na chai yangu, na Léontine alishuka kwenye teksi akiwa amejifunga kitenge kiunoni kama wafanyavyo wamama waliolala chini msibani. Nilimwambia pole. Alifungua mdomo anijibu, kikatoka upepo mtupu. Akajionyesha koo kwa kidole, akatabasamu kidogo, akaingia ndani kuoga. Mume mwenye akili angeamka amtafutie asali na ndimu. Mimi niliketi pale pale nikijiuliza ni kilio cha namna gani kinachoweza kummaliza sauti mwanamke wa umri wake, na kama siku yangu ikifika atanililia mpaka afike huko. Nimepita miaka sitini. Nina wajukuu. Nimefundisha kemia kwenye shule za sekondari za Lubumbashi maisha yangu yote, na wanafunzi wangu wengine sasa ni wahandisi migodini. Na asubuhi ile, mbele ya mkate ambao sikuweza kuumeza, nilikuwa ninamwonea wivu mtu aliyelala ndani ya sanduku.

Mchana akaja mtoto mkubwa wa marehemu, Muhindo, kijana mtaratibu anayeendesha sasa magari ya mizigo ya baba yake. Alikataa kiti mpaka nilipomlazimisha. “Papa Flori,” alisema, “familia inakuomba kintu kimoja. Kesho kanisani, padri akimaliza, tunataka muntu aseme juu ya baba wakati alikuwa kijana. Sisi batoto tunajua tu mambo ya biashara. Ile habari ya mukono wake, alikuwa anaisema kidogo-kidogo tu. Mama Léontine ametuambia ni weye njo unaijua yote.” Nilimtazama Léontine aliyekuwa amesimama mlangoni na taulo kichwani. Hakuweza kusema, lakini aliitikia kwa kichwa. Kwa hiyo ni yeye aliyenitaja. Nilikubali, maana ombi la wafiwa halikataliwi, na Muhindo alipoondoka nilibeba kiti changu nikaenda kukaa nyuma ya nyumba, kivulini, nipange maneno. Kila neno nililolipanga lilinirudisha kwenye mwaka mmoja.

Mwaka huo nchi ilikuwa bado inaitwa Zaïre, nasi tulikuwa tunamaliza masomo ya kemia chuo kikuu. Mwalimu wetu wa kazi za maabara, tuliyemwita Chef Ilunga, alikuwa na rafiki mwenye fonderi nyuma ya reli, mahali pa kuyeyusha chuma na kukisubu kuwa vipuri vya mashine. Ili kusubu kipuri chenye tundu ndani, lazima utengeneze kalibu ya mchanga, na mchanga haushikani bila gundi. Gundi ile ilikuwa inatoka Ulaya kwenye mapipa. Sasa fedha za kigeni zilikuwa zimekosekana, mapipa hayaji, na pompe za kuvuta maji migodini zinasubiri vipuri. Chef Ilunga alikuwa amesoma kwamba gundi ya aina ile mama yake ni magunzi, kile kinachobaki mikononi mwako ukimaliza kupukuchua mahindi. Ukiyachemsha magunzi na asidi, yanatoa mafuta ambayo wataalamu wanayaita furfurali. Ukiyatia mafuta hayo soda kostiki, unapata kileo fulani kisichonyweka. Na kileo hicho kikikutana na asidi tena, kinageuka kuwa kitu cheusi, kigumu kama jiwe. “Asidi, mji huu unaogelea ndani yake,” Chef alituambia, kwa sababu viwanda vya shaba vilikuwa vinaitumia bila kuhesabu. “Na magunzi, mama zenu wanayachoma kwenye mbabula wakipika. Mnangoja nini?” Akatuchagua watatu: mimi, Léontine na Kasereka.

Léontine alikuwa msichana peke yake katika darasa letu. Alikuwa anatoka mtaa wa Katuba, mwembamba, mwenye tabia moja ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu mwingine: kitu chochote ukimpa, kabla ya kukitazama alikinusa. Kitabu, chaki, barua. Nilikuwa nimempenda tangu mwaka wa kwanza na sikuwa nimemwambia. Nilingoja nipate diploma, nipate kazi, nipate suruali nzuri. Mtu mwoga hakosi kitu cha kungoja. Kasereka hakuwa mtu wa kungoja. Alikuwa mtoto wa Butembo, Kivu ya Kaskazini, aliyeletwa Lubumbashi na mjomba wake mfanyabiashara. Mrefu, mabega ya mtu aliyekua akibeba magunia, na Kiswahili cha kwao ambacho sisi watu wa Katanga tulikisikia kama wimbo: “niko nakuya” badala ya ninakuja, “niko naona,” “uko nasema nini?” Mara ya kwanza Léontine alipomsikia akisema “niko nakuya,” alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilikuwa nimemjua miaka mitatu na sikuwa nimewahi kumfanya acheke akashika kitu.

Magunzi yalikuja kwa magari ya mjomba wake. Magari yale yalikwenda upande wa Kasenga kuchukua samaki na mahindi, na pale Kasomeno wanawake walikuwa wanapukuchua na kuacha vilima vya magunzi kando ya barabara, wakishukuru ukiwaondolea. Ninamwona hadi leo Kasereka anaingia uwanja wa chuo, ameketi juu ya mzigo, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, anapunga mkono kama mtu anayerudi vitani. “Léontine! Niko nakuletea dhahabu!” Hakusema ninawaletea. Alisema ninakuletea. Nilipanda gari kupakua, na nilipakua gunia baada ya gunia bila kupumzika, nikidhani kwamba mtu anayepakua ataonekana kuliko mtu aliyeletwa na gari. Nilipogeuka, Léontine alikuwa ameshavunja gunzi moja katikati na kulipeleka puani. “Haya ni makavu,” alisema. “Haya ni mazuri sana.” Hakumtazama Kasereka, hakunitazama mimi. Lakini mimi niliyahesabu maneno yale kuwa mali ya Kasereka.

Maabara yetu ilikuwa chumba kirefu, vioo viwili vya dirisha vimezibwa kwa karatasi ngumu, na meza ya vigae vyeupe iliyoliwa na asidi za waliotutangulia. Tulikuwa na chupa moja kubwa ya duara iliyo nzima, na bomba moja la kioo la kupoza mvuke, ambalo Chef Ilunga alilibeba mwenyewe asubuhi na kulifungia kabatini jioni kama mtoto mchanga. Kasereka alitwanga magunzi kwenye kinu tulichoazima kwa walinzi. Léontine alisimamia moto. Mimi, kwa sababu nilikuwa na mkono wa taratibu na hesabu nzuri, niliwekwa chumba cha pembeni, cha mizani, nipime kila kilichoingia na kila kilichotoka. Ukuta kati ya vyumba vile ulikuwa wa mbao nyembamba. Nafikiri mwaka ule nilisikiliza ukuta kuliko nilivyosikiliza mwalimu yeyote. Siku moja nilimsikia Léontine akinong’ona, “Polepole. Usitikise.” Kisha kimya. Kisha sauti ya Kasereka, nzito, “Iko nakuya?” Naye: “Ngoja. Ngoja tu. Usipumue.” Niliacha mizani ikiyumba, nikafungua mlango kwa nguvu mpaka ukagonga kabati. Walikuwa wameinama wote wawili kwenye mdomo wa bomba la kioo, vichwa vimegusana, na mwishoni mwa bomba tone moja la mafuta lilikuwa limening’inia, la rangi ya asali changa. Lilianguka. Chumba kilijaa harufu ya lozi chungu, na nyuma yake harufu ya mkate unaotoka kwenye tanuri. Léontine aliligusa kwa karatasi yetu ya kupimia, karatasi ikawa nyekundu, akapiga kelele. Akamkumbatia Kasereka kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Kisha akanikumbatia mimi. Mpangilio ule, yeye kwanza kisha mimi, niliutafuna kwa wiki nzima.

Jumapili tulikuwa tunakula Katuba kwa shangazi yake Léontine, Tantine Stefania, mjane aliyeuza beignets, maandazi ya mviringo, mbele ya shule. Nyumba ya vyumba viwili, sebule yenye viti vya plastiki na picha ya Moyo Mtakatifu, na harufu ya makaa iliyoingia mpaka kwenye mapazia. Ni mimi niliyefika pale wa kwanza, mwaka mmoja kabla, nimebeba kilo ya sukari. Nyumba ile nilikuwa ninaihesabu kama yangu. Kasereka alipokuja mara ya kwanza alikuja na samaki wa mto Luapula waliokaushwa kwa moshi, kikapu kizima. Tantine alipika bukari, ugali wetu, na samaki wale katika nyanya na mafuta ya mawese, akaweka mboga ya lengalenga pembeni. Alipogawa, kichwa cha samaki mkubwa alikiweka kwenye sahani ya Kasereka. Kichwa, kwetu, hakiwekwi ovyo. Kasereka alikivunja na kukinyonya mfupa kwa mfupa, akalamba vidole, akasema, “Tantine, kama ningejua Katuba kuko chakula hii, ningezaliwa huku.” Tantine alicheka, akanigeukia: “Ona mwenzako, Flori. Huyu anajua kula. Weye unakula kama muntu wa hospitali.” Léontine naye alicheka. Nilijilazimisha tonge kubwa la bukari, likanikwama, nikakohoa mpaka machozi, na Kasereka ndiye aliyenipiga mgongoni, kwa upendo kabisa, kwa kiganja chake kikubwa. Hilo ndilo lilikuwa gumu kwangu. Hakunipa sababu. Alinipenda kama ndugu, alinikopesha shati lake jeupe, aliniita “kaka” mbele ya watu. Na mtu wa namna hiyo, ukimwonea wivu, huna hata mahali pa kuuegemeza. Baada ya chakula nilisaidia kuosha sahani nyuma ya nyumba nikawasikia wamebaki sebuleni, wanabishana juu ya kitu fulani. Nilifunga maji nisikie. Walikuwa wanabishana juu ya soda kostiki, kama barafu itatosha kuipoza. Sikuamini. Nilifikiri wamebadilisha mazungumzo waliposikia maji yamenyamaza.

Barafu ilipatikana kwenye ghala la samaki la mjomba wa Kasereka, yenye magamba na harufu yake. Tuliigonga kwa nyundo ndani ya beseni, na Léontine akawa anamimina soda kwenye mafuta tone kwa tone, saa nyingi, uso wake umefunikwa kitambaa, huku anakemea yeyote aliyetikisa meza. Mafuta yale yana tabia mbaya: ukiyaacha wazi yanageuka manjano, kisha kahawia, kisha meusi kama lami. Lazima uende nayo upesi. Tulipopata kile kileo, cha kwanza kabisa, Kasereka alitia asidi kidogo kwenye kisahani aone kama kitaganda. Kiliruka. Kilichemka kwa ghafla kikapiga dari, na doa lake jeusi lilibaki pale mpaka tulipoondoka chuoni. Sisi wanaume wawili tulicheka kama watoto. Léontine hakucheka. Alichukua siku kadhaa peke yake na ndoo ya mchanga, akarudi na utaratibu: asidi, iliyopunguzwa kwa maji, iingie kwenye mchanga kwanza, ichanganywe vizuri, kileo kije mwisho, kidogo kidogo. Mchanga unameza ule moto. Alitutengenezea kijiti cha mchanga chenye urefu wa kidole, nikakigonga kwenye meza, kikalia kama kigae. Chef Ilunga alikipeleka kwa rafiki yake siku hiyo hiyo.

Fonderi ilikuwa banda kubwa la mabati lenye joto la kutosha kukausha mate. Tulikwenda asubuhi na chupa zetu ndani ya sanduku lenye majani, Kasereka amelibeba, Léontine katikati, mimi nyuma na ndoo. Patron, yule rafiki wa Chef mwenye fonderi, alikuwa amewaita wateja wake, mabwana wawili wa mgodini wenye kofia, na alikuwa na haraka. Aliangalia chupa ya kileo akauliza kwa dharau, “Haya maji ya mahindi ndiyo yatashika chuma changu?” Hapo ndipo Kasereka alipokosea. Sikubali kwamba alisahau utaratibu. Alikuwa ameurudia mbele yetu njiani. Alitaka kuonyesha. Alimimina kileo kwenye kikombe cha chuma, akachukua asidi, akasema kwa sauti ya sokoni, “Ona, patron, iko napata moto yenyewe!” Nilimsikia Léontine akipiga kelele, “Mu muchanga kwanza! Kasereka, mu muchanga!” na kabla hajamaliza kikombe kilikuwa kimelia kama bunduki. Kitu cheusi, chenye moto, kilimpata mkono wa kulia, kikapanda mpaka shingoni. Alisimama wima bila kulia, anauangalia mkono kama si wake. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nilimkumbatia kiunoni, nikamburuta mpaka kwenye tangi la maji ya kupozea chuma, nikamzamisha mpaka begani, nikamshikilia pale huku ananipiga kwa mkono mwingine. Daktari alisema baadaye kwamba tangi lile ndilo lililomwokolea vidole vyote.

Alilala hospitali mpaka mvua zikaanza. Na kama unafikiri wivu hupoa mbele ya mgonjwa, basi hujawahi kuwa nao. Léontine alikwenda kila siku na sufuria iliyofungwa kitambaa, na mimi nilikwenda pamoja naye, nimeibeba sufuria, kwa sababu sikuweza kumwacha aende peke yake wala kumwambia asiende. Mkono wa Kasereka ulikuwa umefungwa bendeji nyeupe mpaka bega. Kwa hiyo Léontine aliketi ukingoni mwa kitanda, akamega bukari, akaiviringisha, akaichovya kwenye sombe, mboga ya majani ya mihogo, akaiweka mdomoni mwa Kasereka. Tonge kwa tonge. Mwingine angeona rehema pale. Mimi niliiangalia mikono yangu miwili, mizima, isiyo na alama, nikaichukia. Kwa kuwa ningesimama hatua moja mbele asubuhi ile kwenye fonderi, tonge lile lingekuwa langu. Siku moja nilitoka kumwaga maji ya kunawa, na niliporudi nikasimama nje ya mlango, maana nilisikia sauti ya Kasereka imebadilika. “Léontine,” alikuwa anasema, “mjomba anataka nirudie biashara. Mkono hii haitashika tena kioo. Nikienda Butembo, utakuya na mimi?” Muuguzi alipita na toroli la vyuma, magurudumu yakapiga kelele korido nzima, na jibu likapotea ndani ya kelele ile. Nilipoingia, Kasereka alikuwa anatazama dirishani. Léontine alikuwa anafunga sufuria. “Twende, Flori,” aliniambia. “Soda iko wazi kule, itaharibika.”

Tulirudi maabara sisi wawili, na huo ungepaswa kuwa wakati wangu mzuri. Tulitengeneza kileo kingine. Tukarudi fonderi, safari hii mchanga kwanza. Tukashindilia kalibu ya tundu la pompe, nyeusi, ngumu, inayonuka kama karanga zilizoungua. Walimimina chuma. Siku ya pili walipovunja mchanga, kipuri kilitoka safi, na mafundi wakakipitishia vidole ndani, wakatikisa vichwa. “Hii gundi ya Kasereka ni kali,” fundi mkuu alisema. Gundi ya Kasereka! Aliyeunguzwa nayo ndiye aliyeitwa mwenye gundi. Jina lile lilibaki. Hata mapipa ya Ulaya yaliporudi, baada ya miezi, na fonderi ikaacha kutuita, na Chef Ilunga akaenda kufundisha nje ya nchi na chumba kile kikafungwa, watu wa nyuma ya reli waliendelea kusimulia habari ya gundi ya Kasereka. Yeye alikuwa ameshaondoka. Nilimsindikiza kwenye gari la mjomba wake, akanipa mkono wa kushoto. Nilimwomba Léontine tuoane kabla mwaka haujageuka vizuri, maabara ikiwa bado wazi. Akasema, “Ndiyo, Flori,” kwa sauti ya mtu anayekubali kupokea chenji. Kasereka alirudi Lubumbashi miaka michache baadaye akiwa na mke, kisha watoto, kisha maghala. Tulikutana kwenye harusi na vipaimara. Alivaa mikono mirefu hata wakati wa joto. Kila mara alipomsalimia mke wangu, nilitazama ni muda gani anaushika mkono wake. Hakuwahi kuushika zaidi ya inavyofaa. Nilitazama tu.

Kwa hiyo siku ya misa nilisimama mbele ya watu wale wote, wafanyabiashara, madereva, wamama wa sare moja ya kitenge, nikasema. Nilisema vizuri, najua kusema mbele ya watu. Nilimpandisha Kasereka juu ya gari la magunzi, na vumbi lake. Nilimpa kinu, nikampa harufu ya lozi, nikampa kisahani kilichopiga dari, watu wakacheka. Nilipofika kwenye fonderi nilisimulia tangi la maji, na kwa mara ya kwanza watoto wake walijua ni nani aliyemshikilia pale. Muhindo alifunika uso. “Kasereka na mimi,” nilisema mwishoni, “tuligeuza takataka ya mashamba kuwa kitu kilichoshika chuma. Mji huu haukujua.” Watu walipiga makofi ndani ya kanisa. Na nikiwa ninashuka nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyelipwa, na nilimtafuta Léontine kwa macho. Alikuwa anatazama miguu yake.

Tuliporudi kutoka makaburini alichemsha chai, akaileta barazani, akaketi. Sauti ilikuwa imeanza kumrudia, yenye mikwaruzo.

“Umesema muzuri, Papa Solange,” alisema. Ni jina la binti yetu wa kwanza. Ndivyo ananiita akiwa hana ugomvi, au akiwa nao mkubwa. “Bantu balilia.”

“Asante.”

“Na mimi nilikuwa wapi?”

Sikuelewa. “Wapi namna gani?”

“Mu ile habari yako. Kasereka na weye, weye na Kasereka. Magunzi yalichemka yenyewe?”

Ni kweli, sikuwa nimemtaja. Katika maneno yote niliyoyapanga nyuma ya nyumba, sikuwa nimemtia hata mahali pamoja, yeye ambaye sikuwa nimeacha kumfikiria. Nilimwambia kwamba nilishindwa kumtaja mbele ya watoto wa Kasereka. Akauliza kwa nini. Hapo nikasema. Nilisema kila kitu, ukuta wa mbao, kichwa cha samaki, tonge, mlango wa hospitali, toroli. Alinisikiliza kikombe kikiwa karibu na mdomo, macho yanaongezeka ukubwa.

“Miaka yote hii?” alisema. “Flori. Miaka yote hii?”

“Alikuuliza kama utamfuata Butembo.”

“Aliniuliza.”

“Ukamjibu nini?”

Aliweka kikombe chini. “Nilimuuliza kama kule Butembo kuko laboratoire kama yetu. Akasema hapana, kuko tu ghala. Nikamuambia basi, haiwezekani.”

Jogoo wa jirani alipita mbele ya baraza, akarudi. Kisha nikauliza lililobaki, kwa sababu lilikuwa limeshafika kwenye meno. “Na mimi? Nilipokuomba?”

“Weye ulikuwa unabakia Lubumbashi,” alisema kwa urahisi. “Na laboratoire ilikuwa Lubumbashi. Nilijua Chef atatuweka tuendelee.” Aliona uso wangu, akanigusa goti. “Nilikupenda pia. Lakini usiniulize gani ilitangulia. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, na kileo ilikuwa inaanza kutoka safi.”

“Na walipofunga maabara?”

“Nililia. Hukuniona? Nililia kuliko hii ya juzi. Weye ulifikiri ninamulilia Kasereka, ukanyamaza siku tatu.” Aliinama mbele, na sasa sauti ile mbovu ilipata nguvu isiyo yake. “Unajua nilitaka kufanya nini baada ya pale? Ule unga mweusi uliobaki chini ya chupa, tuliokuwa tunautupa. Ule ungefaa pia. Nilikuwa ninaunusa kila siku. Kulikuwa kintu ndani. Na maganda ya mihogo, yale yote banayatupa ku soko. Nilishapanga. Ningeanza na chupa hivi,” akaitenganisha mikono yake miwili hewani, akaishikilia pale, viganja vimekunjika taratibu kwenye duara la kioo ambalo halikuwepo, “moto kidogo tu, siyo kama ule wa Kasereka, na siyo kama weye na haraka yako ya kupima…”

Alikuwa anatazama kati ya mikono yake. Nimeishi naye tangu ujana, nimemwona akishika watoto wetu mara ya kwanza, nimemwona kanisani, nimemwona kitandani kwa Kasereka na tonge mkononi, na uso ule sikuwahi kuuona. Nikasikia ule wivu wangu wa zamani unapanda kifuani, ule ule, haujazeeka hata kidogo, unatafuta mtu wa kumshika. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na magunzi ya mahindi.

“Endelea,” nilimwambia.